Gari la Kifuku Halinunuliwi Bandarini

Mjini Dodoma siku hizi gari halipimwi kwa injini yake, linapimwa kwa herufi. Namba A ni la kuonewa huruma, B ni mstaafu, C bado anasomesha, D anajitahidi, na namba E ndiye anayefunguliwa geti na kuonyeshwa pa kuegesha karibu na mlango wa ukumbi. Ngazi hiyo haikutungwa na Mamlaka ya Mapato ilipokuwa inagawa vibao. Tumeitunga wenyewe, na nyuma yake kuna imani moja ambayo karibu kila mtu anaishika bila kuulizwa: kwamba mtu mwenye akili timamu hafufui gari la zamani uani kwake. Analiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu, anachukua mkopo wa mshahara, anaagiza jingine Japani, yamekwisha. Anayeshinda Jumamosi amelala chini ya Land Rover 109 ama hana pesa, ama hana shughuli, ama anamkimbia mkewe.

Nimeisikia imani hii misibani, kwenye vikao vya harusi na kwenye viti vya benki tukisubiri kuitwa. Inasemwa kwa upole, kama ushauri wa kaka kwa mdogo wake. Naipinga, tena si kwa mahaba ya vitu vya kale. Wapo wanaofuga magari ya zamani kama wengine wanavyofuga njiwa. Hao siwatetei wala siwashambulii. Ninachodai ni hiki: kwa mtu wa Dodoma ambaye ana jambo la kumtoa kwenye lami kati ya Desemba na Aprili, gari la zamani lililofumuliwa na kusukwa upya nyumbani, kwa mikono yake na ya fundi anayemfahamu, ndilo chaguo la kwanza. Si la mtu aliyekosa.

Tuanze na majira, maana wanaobishana nami huongea kana kwamba gari huendeshwa mahali pasipo na hali ya hewa. Wenzetu wa Norway na Kanada wana theluji na barafu. Ikikaribia baridi wanabadilisha matairi, wanafunga minyororo, wanaangalia betri, na hakuna anayewaita washamba kwa kuandaa gari. Sisi Juni na Julai tunavaa makoti asubuhi, lakini injini haijui kama kuna baridi. Majira yetu magumu ni kifuku. Mamlaka ya Hali ya Hewa inaziita mvua za msimu na kuzihesabu kuanzia Novemba hadi Aprili. Hapa hunyesha kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka mzima, karibu zote ndani ya miezi hiyo, na inayobaki ni vumbi. Mtu wa Bukoba akisikia kiasi hicho atacheka. Acheke, lakini asije na gari lake la Bukoba, kwa sababu ubaya wa mvua yetu hauko kwenye wingi, uko kwenye tabia. Inamwagika mchana mmoja kwa hasira. Korongo lililokuwa mchanga mkavu asubuhi linakuwa mto saa kumi jioni, na kesho yake limerudi kuwa mchanga, ila sasa mchanga laini uliolowa hadi chini. Halafu kuna mbuga, ule udongo mweusi wa Bahi na mabonde mengine ya nyanda hizi: kiangazi unapasuka nyufa za kuingia mguu wa mbuzi, ukilowa unavimba, unateleza, na kuganda kwenye tairi mpaka meno yote yanajaa na tairi linakuwa duara laini la matope. Mchanga na mfinyanzi ndani ya safari moja, na kila kimoja kinataka gari la namna yake. Hilo ndilo swali la kifuku, na mtu aliyebuni Harrier hakuwahi kuulizwa.

Hoja ya kwanza ya wapinzani wangu ni lami, na ina nguvu, tuipe heshima yake. Mwaka 2018 barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa ikiwa lami, kipande cha ile njia ya kale inayoota kuunganisha Cape Town na Cairo. Kwenda Iringa kupitia Mtera ni lami. Singida lami, Morogoro lami. Kizazi kilicholala porini kati ya Mayamaya na Kondoa kikisubiri tope likauke sasa kinasimulia wajukuu. Kwa hiyo, wanauliza, tairi za tope na mikonga, yale mabomba ya kuvutia hewa kutoka juu, ni vya nini?

Wameangalia barabara kuu wakasahau mtandao. Barabara zilizo chini ya TARURA, ile iliyoanzishwa mwaka 2017 kushika barabara za vijijini na mijini, zinazidi kilomita 140,000 nchi nzima, na zenye lami hazifiki hata sehemu moja ya ishirini. Toka Mpwapwa upande Kibakwe. Toka Chemba uingie Farkwa na Kwamtoro. Achana na barabara kuu pale Kibaigwa ufuate mahindi yanakotoka. Lami imefika wilayani, haijafika shambani. Tena lami yenyewe ndiyo iliyoongeza idadi ya watu wanaoingia kwenye tope: tangu serikali ihamie hapa, mtumishi anayekaa mtaa wa Kisasa ana zabibu zake Hombolo au Makutupora, ana ekari za alizeti Kongwa, ana kiwanja alichokatiwa mahali ambapo ramani inaonyesha barabara ya mita 15 na macho yanaonyesha korongo. Zamani asingethubutu kwenda huko. Leo anaendesha saa moja kwa raha, anakunja kushoto, na mita 400 baadaye anapiga simu kutafuta trekta.

Sasa niseme jambo ambalo muuza magari hatakwambia. Gari "jipya" tunaloagiza limeshakula majira ya baridi ya watu wengine. Japani kaskazini, Hokkaido na maeneo ya pwani ya magharibi yanayoangukiwa na theluji nyingi, barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo inarushwa na matairi mpaka ndani ya mifupa ya gari. Uingereza hali ni hiyo hiyo. Land Rover za huko zinafahamika kwa chesesi kuoza kutoka ndani kwenda nje, bodi ya aluminiamu ikiwa bado inang'aa. Gari linafika Dar es Salaam limepigwa rangi nyeusi upande wa chini, unaingia chini unaona weusi mzuri unaoteleza, unafurahi. Gonga na bisibisi. Kuna siku bisibisi itapita.

Gari lililoishi Dodoma miaka 30 limekaa kwenye hewa kavu muda wote huo. Rangi imepauka, viti vimechanika, mpira wa milango umekauka ukawa kama kuni, lakini chesesi ni nzima. Na chesesi ndiyo gari. Injini hushushwa ikapandishwa nyingine, giaboksi vivyo hivyo, difu hupatikana, waya husukwa upya. Chesesi iliyooza haina tiba ya maana. Kuichomelea viraka ni kuahirisha msiba. (Isipokuwa gari lililofanya kazi Bahi. Udongo wa kule una chumvi, wazee waliichemsha wakapata ya kula, kwa hiyo ukitoka huko osha chini, na osha siku hiyo hiyo.) Kwa hiyo linapokuja suala la mwili, ambalo ndilo la kwanza katika kuchagua chombo cha kujenga upya, kikongwe wa mtaa wa Area C anaweza kuwa mzima kuliko kijana aliyeshuka melini juzi.

Watasema: sawa, lakini pesa. Gari bovu halina mwisho, leo pampu, kesho rejeta, keshokutwa klachi. Hapa wapinzani wangu wana mtindo wa kuhesabu unaonishangaza. Kwenye gari la zamani wanahesabu kila risiti, hadi ya gasketi. Kwenye gari la kuagiza wanahesabu bei ya kununulia tu, kisha wananyamaza. Hawahesabu riba ya mkopo. Hawahesabu kodi za bandarini, pamoja na ule ushuru wa uchakavu unaoliongezea gari la abiria asilimia 30 likizidi miaka 10, ambao ukitazama vizuri ni adhabu ya kununua kitu kinacholingana na mfuko wako. Hawahesabu kwamba gari linaposhuka melini linaanza kupoteza thamani kila kifuku. Mwaka 2017 Bunge, hapa hapa Dodoma, liliondoa ada ya leseni ya gari ya kila mwaka na kuihamishia kwenye mafuta. Maana yake ni kwamba gari linalokaa juu ya mawe kuanzia Mei hadi Oktoba likifanyiwa kazi taratibu halidaiwi senti. Unalipa unapotembea. Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya watu kama sisi, ila imetukaa vizuri.

Na gharama za kufufua hazidai zilipwe siku moja. Mwezi huu breki. Mwezi ujao beringi na oili sili za magurudumu. Zabibu zikiuzwa, tairi. Benki haikuhusu. Mtu anayekwambia hiyo ni dalili ya umaskini mwulize marejesho yake yanaisha lini.

Hapo ndipo nakutana na upinzani wa haki, kuhusu kile ambacho watu wanafanya wakisema wanaliandaa gari. Nakubali kwamba sehemu kubwa ya marekebisho yanayofanyika mjini ni upuuzi. Gari linainuliwa kwa vipande vya chuma kati ya springi na ekseli mpaka propela inakaa kwa pembe ya kujivunja. Linafungwa tairi pana zinazotokeza nje ya bodi, zinarusha tope hadi kwenye vioo na kula beringi. Linafungwa taa sita juu ya paa ambazo kazi yake ni kupofusha wa mbele na kumaliza betri. Linawekwa mkonga, kitu kizuri, lakini maungio yake hayajazibwa, kwa hiyo ni urembo: hewa inaingia juu na maji yanaingia chini. Na kuna ule ugonjwa wa mafundi wetu wa kung'oa themostati na kuitupa kwa sababu "nchi ya joto haiihitaji". Injini inatembea na ubaridi safari nzima, inakula mafuta, inachakaa mapema, halafu lawama inaenda kwa umri wa gari.

Lakini huo ni ushahidi dhidi ya kazi mbaya. Si ushahidi dhidi ya kazi. Gari la kifuku kwa nyanda za kati halihitaji kupendeza, linahitaji mambo machache yaliyofanywa kwa ukamilifu, na mengi hayaonekani ukisimama nje.

La kwanza ni pumzi za difu. Kila difu na giaboksi vina kipumulio kidogo, kwa sababu oili ya ndani ikipata moto hewa hutanuka ikatafuta pa kutokea. Ukiingia mtoni difu ikiwa ya moto, inapoa ghafla, hewa inanywea, na kinachovutwa ndani ni maji. Oili inakuwa kama chai ya maziwa, na beringi zinaanza kufa kimyakimya. Dawa ni mpira mwembamba kutoka kwenye kipumulio hadi juu karibu na kifuniko cha injini. Bei yake haifikii chakula cha mchana cha familia. Sijui gari hata moja la namba E mtaani kwetu ambalo mwenyewe anajua kipumulio kilipo.

La pili ni njia ya hewa ya injini. Maji hayagandamiziki kama hewa. Pistoni ikipanda na kukuta maji, kitu fulani lazima kikubali, na kinachokubali ni konirodi. Mkonga uliozibwa sawasawa, kutoka juu ya kioo hadi kwenye filta, unaondoa hofu hiyo, mradi dereva asiuchukulie kama kibali cha kuogelea. Waingereza waliounda 109 walilijua suala la maji kiasi cha kuweka tundu chini ya nyumba ya klachi pamoja na kizibo chake: kiangazi tundu liko wazi oili inayovuja idondoke, ukitaka kuvuka mto unalifunga, ukitoka unalifungua. Magari mengi yaliyobaki hayana hicho kizibo. Kilipotea zamani, na waliofuata hawakujua kama kulikuwa na kitu cha kutafuta. Fundi mchonga vyuma anakitengeneza kabla chai haijapoa.

La tatu ni tairi, na hapa ndipo mjuaji wa mjini anapokosea zaidi. Kwenye mbuga tairi jembamba na refu, ile saizi ya zamani ya 7.50-16, linakata tope likatafuta ugumu chini. Pana linaelea na kuteleza kando. Kwenye mchanga wa korongo ni kinyume, unataka upana, na upana huo unaupata kwa kupunguza upepo, si kwa kununua tairi lingine. Kwa hiyo pampu ya kurudishia upepo ni ya lazima kuliko winchi. Winchi inahitaji mti, na mbuga ya Bahi haina mti pale unapouhitaji.

Halafu springi, shokapu, ndoano za kuvutia zilizofungwa kwenye chesesi na si kwenye bampa, betri iliyobanwa isirukeruke, waya zilizopandishwa juu na kufunikwa. Na grisi. Baada ya kuvuka maji, grisi mpya kwenye kila nipeli, maana maji yanaingia na hayatoki yenyewe. Kazi zote hizi zinahitaji kiangazi kimoja, jeki imara, spana za saizi sahihi na mtu mwenye subira. Injini za kizazi kile zinaruhusu. Ile ya Toyota, 1HZ ya lita 4.2 iliyotoka mwaka 1990, inapuliza dizeli kwa pampu ya chuma isiyo na kompyuta. Ukielewa mafuta, hewa na joto umeielewa karibu yote. Gari la kisasa likiingiwa na unyevu kwenye kiungio kimoja cha waya linawasha taa ya njano na kukataa kuzidi mwendo wa punda, na mashine ya kulisoma iko mjini, kilomita 100 nyuma yako, ng'ambo ya korongo lililojaa.

Mpinzani aliyesoma historia atanipeleka Kongwa, na hiyo ndiyo hoja yao bora kuliko zote, ingawa wengi hawajui kuitumia. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa kulima karanga, wakasukuma mradi hadi ulipofutwa mwaka 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Na walikuja na nini? Mashine za mtumba. Mabuldoza na matrekta yaliyobaki vitani, mengine yaliyookotwa Ufilipino, na ile ajabu iliyoitwa Shervick: kifaru cha Sherman kilichovuliwa silaha na kiwanda cha Vickers na kugeuzwa trekta. Yaliharibika kwa makundi. Unaona basi, atasema, hapa hapa Dodoma chuma cha zamani kilichobadilishwa matumizi kilishashindwa mbele ya ulimwengu.

Mimi nasoma Kongwa kwa upande mwingine. Walioagiza mashine hizo hawakuzijua, na waliojua mashine hawakuijua ardhi. Uchunguzi wa awali ulikuwa wa wiki chache, zaidi ukitazama kutoka angani. Hawakujua kwamba udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa mgumu kama sakafu, na kwamba mchanga wake unakula majembe. Hawakujua mvua inavyoruka miaka. Spea hazikufika kwa wakati, mafundi walikuwa wachache, na maamuzi yalitoka London. Wape watu hao trekta jipya kabisa, na udongo ule ule utalisaga. Kilichokosekana Kongwa hakikuwa upya wa chuma, ni kile kitu ambacho mtu anakipata kwa kufungua mashine mwenyewe kwenye ardhi anayoishi: kujua itafia wapi kabla haijafa. Kama Kongwa inamhukumu yeyote leo, inamhukumu anayeagiza chombo kwa picha za kwenye simu na kukiingiza mbugani wiki inayofuata.

Kujua huko kulishakuwa mali ya nchi hii. Mwishoni mwa miaka ya 70 na mwanzoni mwa 80, fedha za kigeni zilipokauka na spea zikawa hadithi, magari yaliendelea kutembea kwa sababu watu walichonga, walichomelea, walitoa kifaa cha Leyland wakakitia kwenye Bedford. Gereji bubu zilizaliwa humo. Tunazicheka leo, na zina makosa yao, nimeyataja. Lakini mlango wa biashara ulipofunguliwa na mitumba ya Japani ikaingia kwa wingi, tuliacha hata kile tulichokuwa tunakijua, tukaanza kuita ujinga wetu maendeleo. Kijana anayetoka VETA Dodoma na cheti cha ufundi magari anaweza kufanya kazi zote nilizozitaja hapo juu. Kinachokosekana ni mwenye gari anayejua amwagize nini na akague nini.

Kuhusu usalama sitasema uongo. Land Rover 109 haina mifuko ya hewa, breki zake za dramu zinahitaji mguu wa mkulima, na kichwa chako na paa la chuma ni majirani wa karibu sana. Anayelifufua akaanza na rangi na viti badala ya breki, usukani na mikanda ya kiti, huyo trafiki amkamate, nitampa mimi namba. Na gari hilo lisitumwe Dar es Salaam usiku kwa mwendo wa 110 likishindana na mabasi. Halikuumbwa kwa ajili hiyo. Ila tangu mwaka 2024 hakuna sababu ya kulituma: treni ya SGR inakufikisha Dar kabla mwenye Harrier hajamaliza vituo vyake vya trafiki. Reli imeondoa safari moja ambayo gari la zamani liliifanya vibaya, na kutuachia zile linazozifanya vizuri, za kilomita 40 za lami na 30 za tope. Nashangaa wapinzani wangu wanaitaja SGR kama ishara kwamba zama za 109 zimekwisha.

Kuna jambo jingine wanalolitazama kila siku bila kuliona. Gari gani linaletwa kumchukua mama mjamzito Kwamtoro mvua ikinyesha? Lenye mkonga. Polisi wa doria vijijini wanapanda nini? Mashirika, hospitali za misheni, watu wa wanyamapori? Land Cruiser hardtop, umbo lililotoka Japani mwaka 1984 na ambalo halijabadilishwa sana hadi leo, springi za nyuma zikiwa zile za mabamba, injini mara nyingi ile ile niliyoisifu. Taasisi zenye uwezo wa kununua chochote duniani, pale uhai wa mtu unapotegemea kufika, zinanunua gari la zamani ambalo bahati yake ni kuwa bado linatengenezwa. Zinalipa pesa nyingi mno kupata kile ambacho jirani yangu amekisimamisha juu ya mawe chini ya mwarobaini. Ikiwa ufundi wa mwaka 1984 unafaa kwa gari la wagonjwa, unakuwaje aibu kwa mwalimu?

Serikali nayo inaweza kuacha kutazama umri. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, Uganda tangu 2018 imeweka 15, sisi tunatoza ushuru. Vyote vinapima kalenda. Wiki ya Nenda kwa Usalama tunabandika stika kwenye kioo, na nimeona gari likikaguliwa huku mkaguzi akiwa amesimama wima, suruali safi. Aingie chini. Agonge chesesi, avute tairodi, atazame mipira ya breki. Namba D lenye chesesi ya Hokkaido litafeli na namba A la Dodoma litafaulu, na litakalofeli lifungiwe bila kuulizwa umri. Na aliyebadilisha injini kihalali, akaenda TRA kurekebisha namba kwenye kadi kama inavyotakiwa, asizungushwe madirishani mpaka ajutie uaminifu wake. Wengi hawaendi si kwa uhalifu, ni kwa uchovu.

Swali lao la mwisho huwa ni hili: ukitaka kuliuza, nani atalinunua? Oktoba 2024 Land Rover zilijaa Arusha kwenye tamasha lao, mamia kwa mamia, nyingi zikiwa na umri wa kuwa babu wa madereva wake, na sikusikia mwenye kulitoa lake kwa bei ya chuma. Hardtop la miaka ya 90 lenye chesesi kavu halikai sokoni, ulizeni madalali. Mimi Mei nitaanza na difu ya nyuma, kuna oili inadondoka kwenye gurudumu la kushoto. Anayetaka kuona kipumulio kilivyo aje na ovaroli, viatu vya wazi aviache nyumbani.